Chini ya Mia na Thelathini

Garsen,
18 Januari 2024

Kwa Bwana Godhana,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama Dan na wote walio nyumbani. Huku kwetu Abdia hajambo, Hamdi na wanawe hawajambo, na mimi nipo kwa kiasi changu.

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu baada ya miaka hii miwili. Ningepiga simu, lakini ulimi wangu umekuwa mzito. Maneno hutoka kama yametafunwa, na asiyenizoea hukata simu akidhani nimelewa. Kiharusi kilinipata mwaka jana mwezi wa Juni. Upande wa kushoto ndio ulioumia. Mkono wa kulia umebaki, kwa hivyo naandika.

Sikuandikii kwa ajili ya malka, ile njia ya mifugo. Habari ya ng'ombe kupita shambani kwako kwenda mtoni tuliimaliza mbele ya chifu, na tulitukanana vya kutosha. Naandika kwa sababu jana kwenye kliniki ya presha nilikuwa benchi la nyuma. Hukuniona, au uliniona ukageuka. Ulitoka kwa daktari Joy ukicheka, ukamwambia mzee mmoja kwa sauti: "Mia arobaini na nne! Nilianza na mia themanini. Nimepona, bwana." Daktari akakuita urudi akuongezee dawa ya pili, ukamjibu hizo za ziada awape wagonjwa.

Godhana, mia arobaini na nne ndiyo namba niliyopimwa wiki ile niliyoanguka. Na mimi nilikuwa nimeanzia juu. Na mimi niliambiwa haijatosha, ishuke zaidi kwa sababu nina sukari, nikacheka. Asubuhi moja niliinama kuvaa viatu niende msikitini, na mkono ukakataa kushika.

Wewe pia una sukari. Mama Dan alimwambia Abdia sokoni. Rudi kwa daktari. Ni hilo tu. Si lazima unijibu.

Wario Boru,
baba Hamdi


Idsowe,
2 Februari 2024

Bwana Wario,

Salamu katika jina la Bwana. Sisi tu wazima. Natumaini na ninyi pia.

Barua yako niliipata kwa mke wangu. Aliileta chini ya ndizi ambazo hazikuuzwa, kama mtu aliyebeba magendo. Kumbe wanawake wetu wamekuwa wakikaa pamoja pale sokoni muda huu wote, mmoja na maziwa yake, mwingine na ndizi zake, na sisi hatujui.

Pole kwa ugonjwa. Nilisikia. Nilisikia pia watu wakisema ulianguka kwa sababu ya ng'ombe waliokufa, na ng'ombe walikufa kwa sababu ya ua wangu wa miiba ya mathenge ulioziba malka. Sasa unaniandikia habari ya presha. Kama unataka kusema mimi ndiye niliyekufanya hivyo, sema wazi, usipitie kwa daktari.

Kuhusu dawa, mimi sijisikii kitu. Kichwa hakiumi, moyo haupigi mbio, nalima mpunga wangu toka asubuhi hadi jua linakuwa kali. Nameza tembe moja kila siku na sijaiacha. Siku zote tumeambiwa ukishuka hadi mia na arobaini uko salama, nami nimeikaribia. Nani tena ameleta habari ya mia na thelathini? Kesho watataka mia na ishirini, kesho kutwa wataniambia nisiwe na damu kabisa.

Godhana,
baba Dan


Garsen,
12 Februari 2024

Baba Dan,

Assalaam alaykum. Nashukuru umejibu, hata kwa ukali. Hali yangu ni ile ile, na nyumbani wote wazima.

Ng'ombe wangu waliuawa na ukame. Ua wako ulinikasirisha, na mpaka leo nikiukumbuka nakasirika. Lakini haukuziba mshipa kichwani mwangu. Uliouziba ni ugonjwa ambao nilikaa nao miaka mingi bila kuujua, halafu nikakaa nao tena nikiwa naujua. Kwa hivyo tuliache hilo.

Daktari Joy alinieleza nilipokuwa sina la kufanya ila kusikiliza. Kikomo si kimoja kwa watu wote. Mtu ambaye hana tatizo lingine, akifika chini ya mia na arobaini, wanaweza kumpongeza na kumfuatilia. Lakini mwenye sukari, au figo mbovu, au aliyewahi kupata kiharusi, hatari yake iko juu tangu mwanzo. Mishipa yake imeshachoka. Huyo wanataka ashuke chini ya mia na thelathini, na ile namba ya chini iende chini ya themanini, ikiwa mwili wake unaweza. Wewe unatazama umetoka wapi. Daktari anatazama kilichobaki.

Unasema hujisikii kitu. Mimi pia sikujisikia kitu, hata jana yake.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Hamdi ndiye anayenifunga kikoi. Binti yangu mwenyewe, akitazama pembeni ili nisione aibu. Wajukuu hunichekelea nikiwaita, si kwa ubaya, ni watoto. Na kwenye sala, nikisoma Fatiha, sauti inaburuza mpaka wenzangu wanatulia kunisubiri. Siku hizi nasoma kimoyomoyo.

Rudi kwa daktari, Godhana. Nilikuchukia, lakini sijakuombea hili.

Wario


Kambini, Idsowe,
10 Juni 2024

Baba Hamdi,

Salamu nyingi. Natumaini nyumba yenu hapo Garsen haikufikiwa na maji, na kwamba Abdia amerudi sokoni. Mama Dan amekuwa akimuulizia kila siku. Sisi tu hai, ndilo la kusema.

Sikukujibu kwa sababu sikuwa na la kujibu, kisha mto ukatujibu sote. Maji yaliingia mwezi wa Aprili na kuchukua mpunga wote, na migomba ya kando ya mto imelala. Tuko juu, kwenye mahema, karibu na barabara. Mchele tunaokula ni wa msaada. Mimi mkulima wa mpunga napanga foleni ya mchele.

Sasa usinicheke. Mwezi wa Machi nilirudi kwa daktari Joy. Nilimwambia nimetumwa. Hakuuliza na nani. Aliniongezea dawa ya pili, halafu kabla ya mafuriko akaongeza ya tatu, ile inayokupeleka haja ndogo kila saa. Maji yalipokuja, mke wangu Asenath alifunga tembe ndani ya mifuko ya nailoni miwili, akazitia kwenye sufuria yenye kifuniko, akaibeba kichwani ndani ya mtumbwi. Nguo zililoa, Biblia ililoa. Tembe zilifika kavu.

Juzi walikuja kupima watu hapa kambini. Mia thelathini na tatu. Nilitaka kukuambia.

Godhana


Garsen,
21 Juni 2024

Baba Dan, ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikamsomea Abdia, kisha yeye akamsomea Hamdi. Alhamdulillahi mko hai. Poleni kwa shamba. Maji kwetu yalifika mlangoni yakasimama.

Mia thelathini na tatu! Bado kidogo tu. Mimi mwezi huu nimepimwa mia ishirini na sita. Daktari alirudia kipimo, halafu akanionyesha mashine nisome mwenyewe. Nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo kama kijana aliyepewa ndama wa kwanza.

Abdia anatuma maziwa. Muwachemshie watoto kwanza.

Ndugu yako,
Wario


Idsowe,
19 Agosti 2024

Wario,

Sina salamu ndefu leo. Mama Dan ndiye anayeshikilia karatasi.

Maji yalipoondoka tulirudi shambani kupanda. Alhamisi nilikuwa nimeinama nikipandikiza mpunga. Jua lilikuwa kali. Niliponyoosha mgongo, dunia ikawa nyeusi. Niliamka matopeni, uso ndani ya maji, Asenath akinivuta kwa kola na kupiga kelele. Angekuwa amekwenda kuchota maji ya kunywa, ningekufa kwenye maji yasiyofika magotini. Nimepasuka juu ya jicho, na mkono umeteguka.

Hii ndiyo zawadi ya mia na thelathini. Nilipokuwa na mia arobaini na nne nilikuwa mtu mzima, nasimama nikitaka na kuinama nikitaka. Sasa nikitoka kitandani lazima nishike ukuta. Uliniandikia nisije nikawa kama wewe. Umenifanya niogope shamba langu mwenyewe.

Tembe nimeziacha zote tangu siku ile. Usiniandikie tena habari ya daktari.

Godhana


Garsen,
29 Agosti 2024

Ndugu yangu,

Pole sana. Pole na mama Dan. Abdia alilia aliposikia.

Umenikataza kuandika habari ya daktari, lakini nakuomba uisome hii hata kama utaichoma baadaye. Niliona vibaya kukaa bure. Nilikwenda kliniki siku ambayo si yangu, nikaingia na huu ulimi wangu, nikaanza kusema, "Kuna mtu mmoja, sitaki kumtaja..." Daktari Joy akaniuliza, "Mzee Godhana amefanya nini?"

Nilipomwambia, akaweka kalamu chini. Alisema, "Nilimpima akiwa amekaa. Sikumpima akiwa amesimama." Akasema kuna watu ambao wakisimama presha huanguka ghafla, hasa wakitumia ile dawa ya kutoa maji mwilini na kufanya kazi juani bila kunywa vya kutosha. Kuanguka huko ni hatari kama hatari nyingine, na ni lazima ahesabu zote mbili. Akasema: "Mimi sitaki namba, mzee. Nataka asimame shambani kwake miaka mingine mingi. Namba ni njia tu. Akiwa hawezi kufika kwa haraka, tutakwenda polepole, na akiwa hawezi kufika kabisa tutasimama pale anapoweza. Lakini kuacha zote ghafla, hapana. Hiyo ndiyo inayonitia hofu."

Hakukasirika nawe. Alikuwa na hofu kweli. Nilimwona.

Kwa hivyo sikuambii ufike mia na thelathini. Nakuambia nenda ukamwambie kila kitu, na matope, na ukuta unaoushika. Nitakuwa benchi la mbele. Kama hutaki kukaa nami, kaa lingine.

Ndugu yako,
Wario


Idsowe,
14 Novemba 2024

Kwa ndugu yangu Wario,

Salamu kwako, na kwa Abdia, na kwa Hamdi na wale wajukuu wachekaji. Sisi wazima wa afya. Mkono umeshikana, jicho limebaki na alama tu.

Tangu tulipoanza kukaa benchi moja siku za kliniki nilidhani hatutahitaji barua tena. Lakini naona kuna mambo siwezi kukuambia ukinitazama. Siku ile ya kwanza ulinisogezea nafasi, na watu wako na watu wangu wakageuka kutazama kama tumevua nguo. Kisha ukaitwa. Ulipoinuka nikashika kiwiko chako bila kufikiri. Nyama za mkono ule zimekwisha, Wario. Nilikuwa nimekuzoea ukishika fahali kwa pembe.

Daktari aliondoa ile dawa ya maji, akanipa nyingine kwa kiasi kidogo, na ile ya kwanza nimeze jioni. Kila nikienda ananipima nimekaa, halafu nimesimama. Miezi miwili nilikuwa juu ya mia na arobaini na yeye hakunisukuma. Jana nilikuwa mia ishirini na nane nikiwa nimekaa, na niliposimama sikuyumba. Nikiwa shambani napiga goti kwanza, nasubiri, ndipo nainuka. Vijana wanasema mzee anasali kila mstari.

Najua bado unafikiri juu ya ng'ombe wako. Mimi bado nafikiri juu ya mahindi yangu waliyoyakanyaga. Hatutakubaliana. Njoo ule wali mpya hata hivyo.

Ndugu yako,
Godhana


Garsen,
30 Desemba 2024

Ndugu yangu Godhana,

Assalaam alaykum. Wali wenu ulikuwa mtamu, na samaki pia, ingawa mama Dan aliniwekea bila chumvi na wewe ukanitazama kuona kama nitalalamika. Sikulalamika. Nyumbani nililalamika.

Nina habari. Ijumaa nilikwenda msikitini bila fimbo. Nilichelewa, nikakuta khutba imeanza, lakini nilikwenda. Na kipimo bado mia ishirini na sita, miezi sasa haijapanda. Daktari Joy ananitaja kwa wagonjwa wapya. Abdia anasema nimekuwa na kiburi.

Inshallah baada ya Ramadhani nitajaribu kukaa na mifugo ya mwanangu wa kiume kule nyikani siku chache. Nataka kusikia ng'ombe wakitafuna usiku.

Ndugu yako,
Wario


Idsowe,
6 Machi 2025

Ndugu yangu Wario,

Salamu zangu na za Asenath. Sikuulizi habari yako. Habari yako naijua, nilikuwa kando ya kitanda chako Malindi wiki jana, na juzi nilikuja ulipoletwa nyumbani. Sijui kama unakumbuka siku zile za hospitali. Ulinishika kidole, ukakishika sana, halafu ukakiachia.

Abdia anasema hutaki kumeza. Uji unakula, maji unakunywa taratibu kwa kijiko kama walivyomfundisha, lakini akileta tembe unafunga mdomo na kugeukia ukuta. Na juzi ulipoona nimekaa, ulivuta ile bahasha ya dawa ukaandika nyuma yake, ukanisukumia: "126. Kiharusi kimenipata tena. Nimekoma."

Nilitoka nje nikasimama na mkweo, tukazungumza habari za mvua.

Siku ile nilipopata habari kwamba umeanguka tena, nilikwenda kwa daktari Joy na hasira, Wario. Sikusalimu. Nilimwambia, "Alifanya kila ulichosema. Alikula chakula kisicho na ladha, alimeza tembe zote, alifika namba yako na kuipita. Basi faida yake ni nini?" Watu kwenye benchi walisikia. Yeye aliniacha nimalize. Alisema, "Niliwaambia inapunguza hatari. Sikuwaambia inaiondoa. Mishipa yake ilikaa chini ya presha miaka mingi kabla hajaja kwangu, na hiyo siwezi kuirudisha nyuma." Nikamwambia hiyo ni hotuba. Akasema, "Ndiyo, najua." Na macho yake yalikuwa yamejaa. Hakutaka kuyafuta mbele yetu.

Niliporudi nyumbani niliziangalia tembe zangu nikataka kuzitupa mtoni. Nilikuwa nimezishika. Asenath alikuwa anapepeta mchele, akaniona, akaendelea kupepeta. Nilikwenda nikakaa ukingoni mwa mto nikafikiri.

Nilichofikiri ni hiki, nawe una haki ya kukikataa. Wewe alama yako inaonekana. Kila mtu akikutazama anaona dawa zimeshindwa. Lakini yule ambaye dawa zimemwokoa, yeye ana alama gani? Hakuna mtu anayeamka asubuhi akasema, leo ndiyo siku ambayo ningeanguka. Anaamka, anakunywa chai, anakwenda shamba, anagombana na mkewe. Hajui. Pale kliniki tunakaa wengi, na daktari mwenyewe hawezi kuonyesha kwa kidole kwamba yule, yule mwenye kofia, ndiye. Huenda ni mimi. Kama usingeniandikia barua ile ya kwanza, huenda mwaka jana ningekuwa nimelala kama ulivyolala, au chini ya udongo. Huenda nisingekuwa na lolote. Sitajua mpaka nife. Lakini naandika kwa mkono wangu mwenyewe, na juzi nilikuja Garsen kwa miguu yangu.

Wewe pia hujui ungekuwaje bila zile tembe. Unajua tu ulivyo nazo, na ulivyo ni vibaya, sitakudanganya. Ulimi umekwenda wote. Mguu umerudi nyuma. Lakini unasoma hii. Mkono wako wa kulia uliandika maneno yale ya hasira, na mwandiko haukutetemeka. Daktari anasema hicho ndicho kilichobaki, na anataka kikae. Kiharusi kingine hakitakuja kupiga hodi.

Niliwaza nikuambie umeze kwa ajili ya Hamdi, au kwa ajili ya Mungu. Watu wengine watakuambia hayo. Mimi sina sababu kubwa. Miaka miwili nilipita mbele ya nyumba yako nikitazama upande mwingine, na tangu nilipoacha kutazama upande mwingine miezi ni michache mno. Nataka uwe hai. Sina neno la kidaktari zaidi ya hilo.

Tembe nilizimeza jioni ile. Nilikuwa bado na hasira.

Ndugu yako,
Godhana


Garsen,
14 Machi 2025, Ramadhani

Ndugu yangu,

Salamu. Mimi si mzima. Naandika kidogo, nachoka.

Abdia alianza kunisomea barua yako akashindwa katikati. Nikamnyang'anya nikaisoma mwenyewe. Nikaiweka chini ya mto. Siku tatu sikutaka kuiona.

Sikubaliani nawe. Nilifanya kila kitu. Mtu akifanya kila kitu anastahili kuambiwa zaidi ya "huenda". Mwambie daktari Joy hivyo. Mwambie pia simchukii.

Leo jioni walipofungua saumu, Abdia aliniletea uji. Alikuwa amezisaga tembe ndani. Alinitazama sana. Kijiko cha kwanza tu nikajua, uji ulikuwa mchungu. Nikala. Nikala wote mpaka sufuria ikalia. Alitoka nje nikamsikia akimwambia Hamdi kwamba nimemaliza wote.

Jumatano kuna kliniki. Peke yangu siwezi. Njoo na kijana wa pikipiki ya magurudumu matatu, na wewe ukae nyuma unishike.

Nimemwandikia Abdia asizifiche tena kwenye uji. Nitazimeza nikiziona.

Ndugu yako,
Wario